Uzoefu wangu: Emily Kam Kngwarray pale Tate Modern, London

Emily alikuwa mchoraji wa Kiaborijini, yaani wa wenyeji asilia wa Australia. Maonyesho yake katika jumba hilo la sanaa nimekwenda mara mbili, na mara ya pili nilirudi kwa ajili ya kiazi.

Kiazi chenyewe kinaitwa anwerlarr, chakula cha porini katika nchi ya Waanmatyerr, watu wake Emily, katikati ya Australia. Ukiona ua lake la manjano na maganda yake utadhani umesimama kwenye shamba la kunde, na hujakosea sana, maana ni jamaa wa kunde. Tofauti ni kwamba hiki wanawake hukifuata chini ya udongo, wakachimba mizizi yake minene na kuioka kwenye majivu ya moto. Mbegu zake ndizo kam, na Emily alipewa jina la mbegu hizo. Kwa hiyo akichora kiazi, anachora jina lake. Anachora na wahenga wake pia, kwani kwa watu wa Alhalker, alikozaliwa, mmea huo ni miongoni mwa wahenga walioiumba nchi. Wanawake huuimbia katika ngoma ya awely, wamejipaka mistari kifuani na mikononi. Ile mistari mirefu ya picha zake za mwisho nilianza kuiona vizuri nilipojua hayo: ni mwili wa mama anayecheza ngoma, na ni mizizi inayotambaa.

Batiki ndizo zilizonishika zaidi. Shangazi yangu kule Tanga alikuwa akitengeneza batiki za kuuza, na ile mishipa midogo ya rangi inayopenya pale nta inapopasuka niliitambua kabla sijasoma maandishi ya ukutani. Emily na wanawake wenzake wa Utopia, eneo la huko kwao, walianza kujifunza batiki mwaka 1977. Mwishoni mwa miaka ya 1980 aliiacha, akahamia kwenye kuchora kwa rangi juu ya turubai, umri umeshapita miaka 70. Sababu aliitaja mwenyewe: kuwasha moto, kuchemsha vitambaa tena na tena, kumaliza sabuni ya unga, kulimchosha. Shangazi naye aliacha kwa hayo hayo. Emily alikuwa amebakiza miaka kama minane tu, akafariki mwaka 1996, na katika muda huo alichora picha zinazokadiriwa kufika 3,000.

Usipite haraka kwenye ile kazi ya mwaka 1993 yenye turubai 22, The Alhalker Suite. Kwa mbali ni waridi, buluu na manjano, nchi yake katika majira yake yote. Sogea karibu. Nukta zimelala juu ya nukta, na pengine brashi imekandamizwa hadi nywele zake zimetawanyika na kuacha duara lenye kingo zilizochanika. Alikuwa akichora ameketi chini, turubai imetandikwa kama jamvi, kwa hiyo usihangaike kutafuta juu ni wapi na chini ni wapi.

Miaka miwili iliyopita niliagiza skafu mtandaoni, iliyotangazwa kuwa ni sanaa ya Waaborijini. Nukta nyingi, rangi nzuri, lakini hakuna jina la mchoraji wala la nchi yake. Niliwaandikia wauzaji kuuliza, hawakunijibu. Niliivaa bila raha, na baada ya maonyesho haya nimeelewa kwa nini. Nukta za Emily zina mwenyewe. Hii mbegu, yule emu, ndege mkubwa kama mbuni, ile njia ya mjusi. Alipoulizwa anachora nini, alivitaja kimoja kimoja, kisha akasema anachora vyote.

Maonyesho yalifungwa tarehe 11 Januari 2026. Binti yangu ana miaka 17, alijiandikisha Tate Collective bure na kuingia kwa pauni 5. Mpango huo ni wa vijana wa miaka 16 hadi 25. Kazi za Emily zikionyeshwa tena karibu nanyi, nendeni asubuhi siku ya kazi, tengeni muda wa saa mbili nzima, na muanzie kwenye batiki. Shangazi nimemtumia picha za vitambaa vile kwa simu. Ameniuliza nta walikuwa wanatumia ipi.