Matriki kwa C au kwa C++: nani aachilie kumbukumbu?

Chukua matriki, yaani jedwali la namba, ya 1000 kwa 1000 ya namba za double (aina ya namba zenye desimali). Kwa kawaida kila namba ni baiti 8, kwa hiyo matriki moja inakula MB 8.

Kwa lugha ya C unaita malloc kuomba kumbukumbu, unakagua kama imerudisha NULL (yaani ombi limeshindwa), unaita jumlisha(a, b, jibu), kisha free kuiachilia. Msimbo ni mrefu, lakini kila ombi la kumbukumbu unaliona kwa macho. Ugonjwa wake uko kwenye njia za kutokea: ukiweka return katikati baada ya hitilafu, free iliyo chini haifikiwi na kumbukumbu inavuja.

Kwa C++ unaandika a + b + c kama kwenye daftari la hesabu, na distrakta (kazi inayoitwa yenyewe kitu kinapomaliza muda wake) inaachilia kumbukumbu. Gharama ndiyo imejificha: a + b huzaa matriki ya muda ya MB 8, na kuongeza c kwa kawaida huzaa nyingine. Tumia += kuzikwepa.

Mtego mbaya zaidi ni alama ya =. Ukiandika distrakta yako ukaacha = inayotolewa na kompaila (programu inayotafsiri msimbo), kinachonakiliwa ni pointa tu, yaani anwani ya kumbukumbu, si data yenyewe. Vitu viwili vinashika eneo moja, linaachiliwa mara mbili, na mara nyingi programu inaanguka mbali kabisa na mstari wenye kosa. Weka data ndani ya std::vector, orodha ya C++ inayojisimamia kumbukumbu, usiandike distrakta kabisa.

Kwa kifaa chenye RAM ya KB 32, ningechagua C. Kwa fomula ndefu zinazobadilishwa mara kwa mara na watu kadhaa, C++. Kwa vyovyote, jaribu programu yako kwa -fsanitize=address, chaguo la kompaila za GCC na Clang linalonasa makosa ya kumbukumbu.