Kusevu data ndani ya brauza: uzoefu wangu na localStorage na IndexedDB kwa kazi ya maziwa

Kama unatengeneza programu ya wavuti na watu wako wako mahali netiweki inakuja ikienda, sevu data kwa brauza ya mtumiaji kwanza, seva baadaye. Nasema hivi juu nimeitumia njia hii kwa programu ya makarani wa maziwa huku Elburgon na pande za Molo, na siwezi rudi kwa ile ya kungoja seva kwa kila kitu.

Kazi yenyewe iko hivi, karani anapokea maziwa kando ya barabara asubuhi na mapema, mkulima analeta mtungi, maziwa yanapimwa, anaandika namba ya mkulima na kilo, anayefuata. Laini haingoji mtu. Na kuna vituo viko bondeni huko hata kupiga simu ni shida, sasa fomu ikianza kuzunguka ikitafuta seva karani anaiacha anarudi kwa kitabu, halafu jioni mtu wa ofisi anakaa kuingiza kila kitu upya. Saa hii akibonyeza Sevu rekodi inaingia kwa simu hapo hapo, chini inaandika "Iko kwa simu, bado haijatumwa", akifika penye netiweki zinaenda na yale maandishi yanageuka kijani. Ukurasa wenyewe pia tumeuweka ndani ya simu ndio ufunguke bila bando.

Nilianza na localStorage, stoo ndogo iliyo ndani ya brauza yenyewe, na kwa vitu vidogo ni tamu sana: jina la kituo, lugha, fomu iliyojazwa nusu. Ukifunga brauza ukarudi kesho unapata kila kitu kiko, na tofauti na kuki (vile vijidata tovuti inaacha kwa brauza) haitumwi kwa seva kila unapofungua ukurasa. Lakini inabeba maandishi tu, kwa hivyo rekodi zote unazigeuza JSON (njia ya kuandika data kama maandishi) kila saa, nafasi ni kama MB 5, na ikiandika ukurasa mzima unasimama kuingoja, kwa simu ya bei ya chini utaona tu vile inakwama rekodi zikiwa nyingi.

IndexedDB, hifadhidata kamili iliyo ndani ya brauza, ndio jibu la rekodi. Inabeba vitu vyenyewe hadi picha, unatafuta kwa namba ya mkulima au tarehe, haikwamishi ukurasa, na nafasi ni kubwa mno. Kuiandika kavu kavu ni kazi ngumu, bana, tumia Dexie, maktaba ya JavaScript ya kuirahisisha, itakuokolea nguvu nyingi. Na hapa kuna kitu nataka ukisikie vizuri: kila rekodi ipewe kitambulisho chake pale pale kwa simu, si kwa seva. Netiweki inaweza kukatika seva ikiwa imeshapokea lakini jibu halijarudi, simu inatuma tena, na bila hicho kitambulisho mkulima anaandikiwa kilo 8 mara mbili, kisha siku ya malipo ndio mnaanza kuzozana.

Sasa ubaya. Hii data si ya kudumu milele. Karani mmoja simu yake ilijaa, akaweka programu fulani ya kusafisha simu, ikafuta data ya brauza pamoja na rekodi zilizokuwa hazijatumwa. Ziliniuma sana hizo kilo, juu ni jasho la watu. Unaweza omba brauza isiifute yenyewe kwa amri ya navigator.storage.persist() na uombe kweli, lakini mtu akifuta kwa mkono inaenda tu. Dirisha la siri likifungwa, data imeenda. Safari nayo, brauza ya Apple, tangu 2020 inafuta data ya tovuti ambayo mtu ametumia brauza siku 7 bila kuigusa, ila ukiiweka kwa skrini ya mwanzo haikuhusu. Na usibadilishe anwani ya tovuti ovyo, kila anwani ina stoo yake, ile mpya haioni ya zamani. Nywila usiweke humo kabisa, skripti yoyote inayoingia kwa ukurasa inaweza kuisoma.

Kwa hivyo kwetu tumeweka kitufe cha kupakua faili ya rekodi za siku, karani anaituma ofisini kwa WhatsApp akishamaliza zamu, na idadi ya ambazo hazijatumwa iko juu kabisa kwa herufi kubwa, hawezi kukosa kuiona.