rc.d ya FreeBSD: kuwasha huduma iko fiti, kuzilinda utajijua

Naipa nyota 4 kati ya 5, hiyo moja niliyoinyima nitaieleza huko chini. Naongelea rc.d ya FreeBSD (mfumo endeshi wa familia ya Unix), ule mfumo wa skripti unaowasha huduma za nyuma mashine ikibuti, sshd, ntpd, nginx, hifadhidata na wenzao. Kama umezoea Linux yenye systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma huko) utaona kama umerudishwa enzi za kale hivi, ila usikimbie kwanza.

Kinachonifurahisha zaidi ni jinsi inavyopanga nani awake kabla ya nani. Waliotumia SysV ya zamani (mfumo wa kuwasha huduma wa Unix na Linux za kitambo) wanayakumbuka yale majina ya S20 na K80 ndani ya rc2.d, unataka huduma yako iwake baada ya mtandao unaanza kupiga hesabu za namba, ukiongeza nyingine hesabu zinavurugika tena. Huku hamna namba. Kila skripti pale juu ina mistari ya maelezo, # PROVIDE inajitaja yenyewe, # REQUIRE inataja nani lazima awe ametangulia, afu kaprogramu kanaitwa rcorder kanazisoma zote na kupanga foleni. Wazo lilitoka NetBSD 1.5 mwaka 2000, FreeBSD wakalichukua kwenye toleo la 5.0 mwaka 2003, na kwa sehemu kubwa limebaki vilevile, kwa hiyo maelezo ya kitambo ukiyakuta popote bado yanafanya kazi.

Matumizi ya kila siku hayana stori ndefu. Unapiga `sysrc nginx_enable=YES`, inaandikwa kwenye /etc/rc.conf, alafu `service nginx start`. Usipoiruhusu inagoma kuwaka, na inakwambia kabisa weka YES au tumia onestart, na hiyo onestart ni tamu sana ukitaka kujaribu kitu bila kukiacha kiwake chenyewe kila mashine ikibuti. `service -e` inakuonyesha zote zilizoruhusiwa. /etc/defaults/rc.conf usiiguse, isome tu, ya kwako andika kwenye /etc/rc.conf ndo itakayoshinda.

Kuandika skripti ya kwako pia ni raha. Unaita /etc/rc.subr, unataja name, rcvar, command na pidfile (faili la kutunza namba ya mchakato wa programu), unamalizia na load_rc_config na run_rc_command, basi, start, stop, restart na status umepata bure. Unaiweka /usr/local/etc/rc.d huko, mbali na skripti za mfumo wenyewe.

Sasa ile nyota. rc.d ni kama mpiga kengele wa shule, akishagonga kazi yake imeisha, mwanafunzi akitoroka saa nne yeye hana habari. Programu ikifa usiku itabaki imekufa mpaka mtu aje. systemd unaandika Restart=on-failure umemaliza, huku inabidi ufungie programu yako ndani ya daemon (kaprogramu kanakoendesha programu nyingine kwa nyuma) yenye -r ili ikifa iwashwe tena. Na hapo kuna mtego, ukiweka -r uandike pidfile kwa -P kubwa, sio -p ndogo. Ile ndogo inaweka namba ya mtoto, yaani programu yako, kwa hiyo ukisema stop anauawa mtoto, baada ya sekunde moja daemon anamfufua, na we umekaa hapo unashangaa mbona haizimi. -P inaweka namba ya msimamizi mwenyewe, yaani daemon, ukimzima huyo anaondoka na mtoto wake.

Kero ingine, rc.conf ni skripti ya sh kamili, nukuu moja tu isipofungwa mashine inaweza kukwama katikati ya kubuti na kukutupa single user (hali ya ukarabati), diski ya mizizi (root) iko kusoma tu, uanze kupiga `mount -u /` ndo urekebishe. Na kama seva iko mbali na huna konsoli, pole. Ukihariri kwa mkono piga `sh -n /etc/rc.conf` kabla hujawasha upya, au tumia sysrc tu. Kuhusu kuwasha huduma moja baada ya nyingine, ndio, kwa kawaida anayechelewa anachelewesha wote, ila kwa seva inayobuti mara chache mi sioni tatizo.

Logi nazo kila huduma na pake, ukizoea systemctl status kukutolea mistari ya mwisho utaimiss. Kwa programu zako mwenyewe daemon ina -o ya kuandikia faili na -S ya kupeleka syslog (logi ya mfumo).

Ukiwa na huduma nyingi zinazohitaji kuangaliwa muda wote, usipambane na daemon kwa kila moja, sakinisha runit au s6, zote zipo kwenye ports (mkusanyo wa programu za ziada za FreeBSD), rc.d inawasha huyo msimamizi mmoja tu na yeye ndo analea wengine.