TAHADHARI: muuza kwadranti ya 737 "yenye sensa za Hall" ni TAPELI

Jamani nimepigwa. Mchana kweupe, tena huku natabasamu.

Mnaoijua kokpiti yangu ya kuigiza urubani kwa kompyuta nyumbani mnajua kilichobaki ni kwadranti tu, yaani lile boksi la nyenzo za injini (na yale ya pedali msinikumbushe leo). Ndipo nikakutana na huyu mtu. Kwadranti ya Boeing 737, nyenzo mbili za injini, wenzo wa flapu (vibawa vya kushukia) wenye vituo vyote 9 kuanzia 0 mpaka 40, magurudumu ya trimu (ya kusawazisha pua ya ndege) yanayozungushwa na mota, sensa za Hall za kusoma mkao wa nyenzo kila mahali.

Msinicheke bado. Mtu yule anajua kuongea. Alinieleza kwamba potenshiometa, ile sensa ya kawaida, huchakaa kwa sababu ndani yake kuna kijiti kinachosugua njia ya kaboni kila ukisogeza wenzo, ndiyo maana siku zikienda injini zinarukaruka zenyewe, lakini sensa ya Hall inaisoma sumaku bila kuigusa. Kweli tupu! Na nilipotaka kuongeza pedali zake akanizuia: "Zako zinatosha, rubani wangu, usipoteze hela." Tapeli gani anakataa hela?

Kilichonimaliza ni simu ya video. Chumba giza, vitaa vyekundu, kwadranti mbele, skrini nyuma yake. Akashika wenzo wa injini ya kushoto kwa mkono wa kulia, akausukuma polepole. Sindano za N1, zinazoonyesha kasi ya injini, zikapanda, injini zikanguruma. Nilipiga ukelele mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini. "Umeona, kaka?" Nimeona, kaka! Dakika kumi hazikuisha, nikatuma pesa yote. YOTE. Kwa ile njia ya kutumiana ndugu na marafiki, isiyomlinda mnunuzi, eti makato ni madogo.

Boksi likaja zito. Nikaufurahia uzito, nikajua ndizo mota. Kumbe tofali! Kipande cha tofali kimegandishwa kwa gundi ndani. Magurudumu ya trimu hayazunguki hata kwa mkono. Sumaku hakuna hata moja. Ni potenshiometa, tena zile za logi za kuongezea sauti ya redio: nusu ya kwanza ya wenzo injini hazishtuki, nusu ya pili zinakurupuka. Ubao wa umeme unaounganisha na kompyuta ni Arduino Uno, ambao ukiuchomeka ulivyo kompyuta haiuoni kama joistiki. Kwa kazi hiyo watu wanatumia Leonardo au Pro Micro, na mtu aliyenisomesha habari za Hall hawezi kusema hakujua.

Nikamwandikia. Kimya. Kesho yake kanifungia.

Nimelala macho siku tatu namtafutia adhabu. Afungwe, halafu humo ndani apewe hiyo kwadranti yake atue nayo kwenye upepo wa ubavuni asubuhi mpaka jioni, na kila akianguka siku zinaongezwa. Mtu anayekula akiba ya mwenzake kwa sauti ya upole namna ile hafai kuombewa.

Haya, dalili. Ile simu niliirekodi ili niwaringie nyie. Nimeirudia sijui mara ngapi. Alisukuma wenzo MMOJA, sindano ZOTE MBILI zikapanda! Na zilipanda kwa kudonoadonoa, si laini. Mkono wake wa kushoto hauonekani hata mara moja, maana ulikuwa kwenye kibodi unabonyeza F3, kitufe cha kuongeza nguvu ya injini zote. Mimi nashangilia F3! Tena nilipomwomba afungue mfuniko wa chini alisema gundi bado mbichi. Na yale malipo, nimeshasema. Zipo nyingine, nikitulia nitaongeza.

Jina silitaji hapa, anabadilisha kila mara. Kama kuna mtu alikuita "rubani wangu" ukatuma hela, niandikie pembeni, twende polisi pamoja na ushahidi wetu. Tofali nimelihifadhi. Ni kielelezo.