Chumba cha kununua Tanga mjini: kipi kwanza, kipi mwisho

Anayetafuta chumba kimoja cha kujitegemea Tanga mjini, chenye choo na jiko humo humo, mahali ambapo akifungua mlango tu anakutana na watu, soko na mahamri ya asubuhi, atajibiwa na kila dalali neno moja: "Kipo." Ni kweli kipo. Ila kwa jina hilo moja huuzwa vitu vinne vyenye tofauti kubwa, na tofauti hiyo haionekani ukutani. Nimevipanga kwa kigezo kimoja: ukishalipa, utashika karatasi inayosema kipande hiki ni chako peke yako?

Cha kwanza ni apatimenti yenye hati yake. Tangu Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, ghorofa moja inaweza kugawanywa, kila chumba kikapata hati, wenyewe wakashirikiana ngazi, paa na ua. Tanga bado ziko chache, kwa hiyo ukiipata usiichezee. Swali la kuuliza ni moja: hati ya sehemu hiyo imeshatoka, au kuna hati moja tu ya kiwanja kizima mikononi mwa mjenzi, pengine imewekwa rehani benki? "Hati inashughulikiwa" isilipiwe bei ya hati. Ukipanda juu, kagua zege la paa na baraza za ghorofani. Hewa ya bahari hula nondo, na ufa wenye michirizi ya kutu una maana kutu imeshafika ndani.

Cha pili ni kijumba au pagala kwenye kiwanja chake, upande wa Makorora, Mabawa au Mikanjuni. Wengi hukipuuza kwa sababu hakiitwi apatimenti. Mimi kwa mtu mwenye pesa ya kudunduliza ndicho ningemshauri akitafute kwa bidii kuliko vyote. Unamaliza chumba kimoja na choo, unahamia, mengine unajenga kadiri unavyopata. Na Tanga ni mji wa baiskeli, ardhi yake tambarare, hivyo kutoka Makorora hadi soko la Mgandini si safari ya kumchosha mtu. Hakikisha tu kiwanja kimepimwa, na namba iliyo kwenye hati au barua ya toleo (ile ya kumilikishwa kiwanja kabla ya hati) ndiyo ya kiwanja ulichosimama juu yake. Mlipe mpimaji aje akuonyeshe mawe ya mipaka. Ni gharama ndogo ukilinganisha na kubomoa ukuta.

Cha tatu ndicho kinachowavuta watu wengi: sehemu ya nyumba ya Kiswahili Ngamiani. Naelewa kabisa kwa nini. Ng'ambo ile ya reli, kwenye zile barabara za namba, ndiko Tanga yenyewe inakoishi, barazani jioni, na hakuna mahali pengine mjini ambapo jirani atajua umeugua kabla hujampigia mtu simu. Nyumba zenyewe mnazijua: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Mwenye nyumba hugeuza vyumba viwili vya uani kuwa "studio", akatia vigae na sinki, akatafuta mnunuzi.

Shida ni kwamba nyumba nyingi kati ya hizo ni za urithi. Aliyeandikwa kwenye hati ni babu aliyekufa zamani, na anayekuuzia ni mmoja wa wajukuu. Huyo hana cha kukuuzia mpaka kuwe na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi wote wajulikane, pamoja na shangazi aliyeolewa Pangani na kaka aliyeko Muscat. Omba barua ya mahakama, siyo kikao cha ukoo peke yake. Omba saini za warithi wote, na kama nyumba ni ya wanandoa, omba ridhaa ya mwenza kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda. Hata hayo yote yakitimia, vyumba viwili vya uani havina hati yake. Utakuwa mwenye haki ndani ya hati ya mwingine. Kama moyo uko Ngamiani, njia nzuri zaidi ni ndugu au marafiki wawili watatu kuchangishana na kununua nyumba nzima, majina yote yaingie kwenye hati, na kila mmoja sehemu yake iandikwe.

Cha nne sikiiti kununua. Katikati ya mji kuna majengo mazuri ya zamani, madirisha marefu, hatua chache kutoka bandarini. Mengi yalitaifishwa mwaka 1971, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, kisha mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Anayeishi humo ni mpangaji. Akikutajia bei ya mamilioni "uchukue chumba", anachokuuzia ni kilemba: unampa pesa atoke, wewe ubaki unalipa kodi kwa shirika, kama litakutambua. Lisipokutambua, huna pa kudai. Ukitaka kupanga hapo, nenda ofisi ya shirika lenyewe.

Dalali atakuambia pia kuhusu bomba la mafuta, kwamba litapandisha bei. Ni kweli bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, pwani ya nje ya mji, lakini Chongoleani si Barabara ya 12 ya Ngamiani. Usilipe leo faida ya kesho ambayo hakuna aliyekuhakikishia.

Ukikagua chumba, nenda saa nane mchana. Chumba kisichopata upepo wa kusi wala wa kaskazi kitakuwa tanuri, na feni itazungusha joto lile lile. Rudi tena mvua za masika zikinyesha uone maji yanaelekea wapi. Uliza kama choo kimeungwa kwenye mtandao wa majitaka au kina karo, yaani shimo lake la majitaka, na kama karo ni la nani na gari la kunyonya linapitia wapi. Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, iwe yako. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo, na mita moja kwa familia tatu ni ugomvi wa kila wiki.

Kabla ya senti yoyote, fanya upekuzi kwa msajili wa hati, uone nani ameandikwa kuwa mmiliki na kama kuna rehani. Mkataba uandikwe na wakili. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri, mwandishi wa mkataba si yeye. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, ingawa wengi hujaribu kumbebesha mnunuzi, kwa hiyo mkubaliane kwa maandishi, na kamisheni ya dalali vilevile. Pesa ipite benki, jina la akaunti lilingane na jina la hati. Sehemu ya mwisho ibaki kwa wakili mpaka uhamisho usajiliwe na mpangaji wa mwisho awe ametoa vyombo vyake.