App ya Kijapani, upande wa vitenzi vya kwenda na kukaa: nyota 4 kati ya 5

Kwa anaeanza Kijapani hii app ya kadi nimeikubali, hasa pale kwenye vitenzi vya kwenda na kukaa, maana wanakuwekea picha ya mtu, mshale na mahali, unaona kabisa iku ni kutoka hapa ulipo kwenda kule, kuru ni kuja huku nilipo mimi, na kaeru ni kurudi kwako, mara nyingi nyumbani. Sasa sisi ukipigiwa simu unajibu "nakuja" hata kama hujaoga 😂 Mjapani hapo anasema iku, anaangalia alipo yeye sio alipo anaemsubiri. Aru na iru, zote maana yake kuwepo, wala hazisumbui, vitu vina kitenzi chake (aru), watu na wanyama wana chao (iru), mambo ya ngeli si tumeyazoea.

Ila kwenye ni na o, vile vineno vidogo vya Kijapani vinavyokaa baada ya nomino, wamelipua tu. Basu ni noru unapanda basi, basu o oriru unashuka, kouen o aruku unatembea kwenye bustani, mifano ipo maelezo hamna, ukariri mwenyewe. Sauti safi, wanaongea taratibu. Ya bure inatosha sana, ya kulipia wanaongeza magemu tu, hela yako kanunulie bando.