TAHADHARI: Jeki za giaboksi zilizopakwa rangi upya zinauzwa hapa Tanga mjini

Mafundi wenzangu wa Tanga, na nyinyi mnaotengeneza magari yenu wenyewe uani nyumbani, naomba msome hadi mwisho kabla hamjamtumia mtu hela ya jeki.

Kuna muuzaji anatangaza jeki za giaboksi mtandaoni. Anasema ni mpya, zimeshushwa kutoka Dubai, zinabeba tani moja. Si mpya. Niliyouziwa mimi ilishuka yenyewe giaboksi ikiwa juu, na mtoto wa dada yangu alikuwa chini ya gari. Alhamdulillahi yu mzima, ila ukucha wa kidole cha kati umeng'oka. Sekunde chache kabla ya hapo, kifua chake ndicho kilichokuwa pale ilipoangukia.

Nina kigereji nyumbani Mikanjuni: banda la mabati, sakafu ya zege, stendi nne za kuegemezea gari. Miaka yote giaboksi nimezishusha kwa jeki ya kawaida ya magurudumu na kipande cha ubao juu yake, watu wawili wakishikilia ubavuni. Kwa giaboksi ya manyuali ya gari dogo, kilo thelathini na kitu au arobaini, mtasumbuka lakini itashuka. Otomatiki ni habari nyingine. Ikiwa na toki konveta yake (lile duara zito la mafuta linalounganisha injini na giaboksi) na mafuta yaliyobaki ndani, inaweza kufika kilo 70 hadi 90, uzito wake haukai katikati, na ubao huteleza. Ndiyo maana nikataka jeki yenyewe ya kazi hiyo, yenye sahani unayoilaza mbele na nyuma na mnyororo wa kufungia mzigo.

Tulikubaliana 450,000. Akataka 150,000 kwanza "ya kuishikia", kwa kuwa eti wateja ni wengi. Wakati natuma, jina lililotokea kwenye simu halikuwa jina lake. Akasema ni laini ya mkewe, nikamwamini. Kisha zikaanza siku za udhuru. Duka alilosema liko Ngamiani limefungwa. Mzigo umekwama Horohoro. Kapata msiba. Mwishowe akaileta kwa bajaji baada ya Isha, tukakutana karibu na stendi ya Kange, gizani. Akapampu mara tano bila mzigo wowote, ikapanda vizuri. Akafungua valvu, ikashuka vizuri. Nikamalizia 300,000. Risiti akasema ataituma asubuhi.

Hapa nitulie kidogo, maana ndipo wengi tunapokamatwa. Jeki isiyo na mzigo hupanda hata kama sili zake, yaani raba za kuzuia mafuta yasivuje, zimekwisha. Mafuta ndani ya silinda hayana presha ya maana wakati huo, kwa hiyo hayatafuti njia ya kupita. Weka kilo themanini juu, presha ipande, ndipo yatapenya kwenye sili iliyochoka au kwenye valvu isiyofunga sawasawa, na jeki itaanza kuzama kidogo kidogo. Mtu anayekuonyesha jeki tupu ikipanda na kushuka hajakuonyesha kitu.

Asubuhi, kwenye mwanga, niliona mambo ambayo usiku nisingeyaona. Rangi ya bluu ilikuwa mpya mno, imepita hadi juu ya nati na juu ya fimbo ya pistoni, mahali ambapo hakuna kiwanda kinachopaka rangi. Ubavuni, pale ambapo hugongwa uwezo wa jeki, palikuwa pamesagwa kwa grainda kisha pakabandikwa stika ya "1000 kg". Sahani ya juu ilichomelewa upya, tena kwa mkono usio na utaalamu, matone matone, upande mmoja umeinama. Mnyororo hakuna. Nilipofungua kizibo cha mafuta, harufu ilikuwa ya mafuta ya breki. Anayejua jeki ataelewa uzito wa jambo hilo: sili za jeki nyingi zimetengenezwa kwa mafuta ya haidroliki, na mafuta ya breki huzifanya zivimbe na kulainika mpaka ziharibike.

Nikampigia. Akasema rangi ni ya kuzuia kutu ya pwani, niitumie tu. Nilikuwa na gari la mteja juu ya stendi, nikaitumia. Tulifungua bolti ya mwisho, giaboksi ikatoka kwenye injini, ikakaa juu ya jeki tuliyoifunga kwa kamba badala ya mnyororo. Haikupita dakika moja ikaanza kushuka, kisha ile sahani iliyochomelewa ikakatika upande mmoja na giaboksi ikalala ubavu. Mengine nimeshawaeleza.

Na hakuishia hapo. Nilipodai pesa zangu, akanijia na dawa ya pili: niongeze 100,000 anibadilishie "ile kubwa zaidi". Akanitumia picha ya jeki ndefu ya mguu mmoja. Kwa asiyejua itamvutia sana. Jeki hizo ni za gereji zenye lifti ya kunyanyua gari hadi juu ya kichwa, na nyingi zikiwa zimeshushwa kabisa bado zinazidi mita moja. Gari langu juu ya stendi linaacha nafasi ya sentimita hamsini au sitini chini yake. Haitaingia hata kwa kuilaza. Gereji ya nyumbani inataka ile fupi, yenye magurudumu manne yaliyotanuka, inayoanzia chini. Pima kwanza nafasi iliyo chini ya gari lako kwa futi, ndipo uulize jeki inaanzia urefu gani na inaishia wapi. Huyu hakuniuliza swali hata moja kuhusu gereji yangu.

Ukikutana na muuzaji yeyote, mwambie utaijaribu mchana na kwa mzigo. Mifuko miwili ya simenti ni kilo 100, na simenti hapa Tanga hatuikosi. Ipange juu ya sahani, ifunge, pampu mpaka nusu ya urefu, piga alama ya chaki kwenye fimbo au pima kwa futi kutoka sakafuni, kisha kaeni mzungumze saa nzima. Ikishuka, usiinunue. Ikilowa mafuta kwenye shingo ya pistoni, usiinunue. Legeza valvu taratibu uone kama inashuka pole pole au inaporomoka. Huyu wangu nilipomrudia na kumtaka twende tukaipime hivyo mbele ya fundi mwingine, alizima simu.

Nimeripoti polisi nikapewa RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa yangu), na namba yake nimeituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Kama na wewe umeuziwa, usifute meseji za malipo wala picha alizokutumia. Peleka nawe taarifa yako, kwa sababu mlalamikaji mmoja anaweza kuambiwa ni ugomvi wa biashara tu. Fundi mmoja wa Pongwe tayari amenionyesha jeki yake: bluu ile ile, stika ile ile, imesagwa mahali pale pale.

Jina lake siliandiki kwa sababu kila akaunti ana jina jipya. Kitambulisho cha kweli ni picha. Jeki imesimamishwa mbele ya ukuta wa matofali usiopigwa plasta, kuna ndoo ya njano kushoto, na ubavu wenye uwezo wa jeki umegeuziwa ukutani. Juzi picha ya ukuta huo huo imetokea tena. Safari hii jeki ni nyekundu, na bei ameishusha hadi 300,000.